Beji ya Murman

Jumatatu, 4 Septemba 1978

Ipolite, mkuu wa kamati ya waamuzi, kapiga simu kutoka Tbilisi asubuhi. Nilikuwa na sabuni usoni. Moscow wametoa nafasi moja ya refa wa kimataifa, yaani beji moja, kwa jamhuri yetu. Moja! Kamati itaamua mwanzoni mwa Oktoba. Wanaopimwa ni wawili tu: Murman na mimi. Nikamuuliza nani yuko mbele. Akakohoa. Kikohozi cha Ipolite nakijua — ni Murman.

Basi. Miaka kumi na mitatu tulicheza mabeki wa kati, mimi na yeye, hapa hapa Kutaisi, jezi moja. Mimi niliruka vichwa, pua ikavunjika mara mbili. Yeye aliusubiri mpira utulie, akautoa taratibu kwa mguu wa ndani, shati halijatoka hata kwenye bukta. Magazeti yakamwita "beki msomi". Mimi waliniandika hivi: "Tsulaia naye alicheza."

Tukastaafu mwaka mmoja. Tukachukua kozi ya urefa mwezi mmoja. Wazo lilikuwa langu! Yeye alikuja kunisindikiza tu, akapata alama za juu darasa zima.

Lamara alikuwa anachambua maharage. Mke wangu huyu, badala ya kunipoza, kasema, "Chanda chema huvikwa pete." Kisha akauona uso wangu. "Na wewe una vidole, Bidzina."

Ahsante sana.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimechezesha mechi ya daraja la pili, mji wa jirani. Jua kali. Nyanya mbili zilinipata mgongoni, moja nzuri kabisa, ingefaa kachumbari. Hizo si kitu. Kitu ni dakika ya thelathini: krosi ikaja eneo la hatari, nikajikuta nimeruka kuipiga kichwa. Mimi, refa! Kipenga mdomoni! Mpira ukanikosa kwa kidole, uwanja mzima ukacheka mpaka mbwa wakabweka.

Mkaguzi kanipa alama nne kati ya tano. "Bado unacheza beki, mzee. Kila mara unasimama kati ya mpira na goli."

Jioni redio ikasema mechi ya Leningrad ilichezeshwa "kwa utulivu wa hali ya juu". Nani? Si lazima niandike. Alama tano, bila shaka. Huyo hata mvua ikinyesha hulowana wengine.

Nina wivu. Nimeuandika sasa. Nilidhani nikiuandika utapungua. Haujapungua.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimekaa nikitafuta kosa alilonifanyia Murman. Kwa haki kabisa, kama mkaguzi. Mwaka hadi mwaka. Mama yangu alipougua, aliyemleta daktari ni yeye. Nilipovunjika mguu Baku, aliyenibeba ni yeye. Binti yangu alipoolewa alicheza ngoma mpaka kiatu kikapasuka.

Hakuna. Laiti angeniibia hata kuku!

Jumapili, 17 Septemba

Kwa Murman, mavuno ya zabibu. Watu arobaini uani, meza kutoka ukutani mpaka kisimani. Mkuu wa karamu alikuwa Varlami, mjomba wake, na Varlami akishika pembe ya divai hakohoi mtu. Tumekunywa kwa ajili ya amani, wazazi, marehemu, ardhi. Ikafika zamu ya mwenye nyumba. Varlami akamsifu robo saa, kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti, "Alaverdi kwa Bidzina!"

Ukipewa alaverdi hukatai. Sifa alizoanza mwenzako unazichukua pale alipoziacha, unazipandisha juu zaidi, unaimaliza pembe. Ukizishusha, umemtukana mwenye nyumba mbele ya mkate wake.

Nikasimama. Miguu ilikuwa mizito kama nimecheza dakika mia na ishirini. Nikasema: kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kugeuka kutazama nyuma, maana aliyekuwa nyuma ni Murman. Nikasema mengine. Yalitoka yenyewe, matamu, yamepangika. Wazee wakafuta macho. Mke wake akalia. Varlami akapiga meza: "Huyo ndiye ndugu!"

Murman akanibusu mashavu yote mawili. "Bidzina, kaka, mimi sistahili hayo."

Nikawaza: kweli hustahili. Na hapohapo nikajua kwamba anastahili, neno kwa neno. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimerudi nyumbani divai ikinichoma koo.

Alhamisi, 21 Septemba

Telegramu. Jumapili Ukraine, kwenye mji wa wachimba makaa. Refa wa kati: Murman. Mshika kibendera upande wa jukwaa: mimi.

Kibendera! Kwa Murman!

Nimempigia kumwuliza kama ameona. Amefurahi kama mtoto. "Nilikuomba mimi mwenyewe. Hii mechi ni ngumu, simwamini mwingine kule pembeni."

Ameniomba. Kama mtu anavyoomba chumvi.

Lamara kapiga pasi kaptula yangu nyeusi akasema ni heshima. Nikamwambia heshima ni kuombwa kuchezesha, si kuombwa kupunga kitambaa. Akasema, "Basi kapunge vizuri."

Jumapili, 24 Septemba. Hotelini

Niandike kwa mpangilio.

Wenyeji walikwisha maliza sare zao nane. Sheria mpya ya mwaka huu: sare ya tisa haina pointi hata moja. Kwa hiyo sare nyingine kwao ilikuwa sawa na kufungwa. Dakika ya themanini matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Wakaja wote mbele, hata kipa alikuwa anatamani kuja. Wachimba makaa elfu thelathini wanapiga kelele mpaka sisikii pumzi yangu.

Dakika ya themanini na sita. Pasi ndefu. Straika wao nambari tisa ameotea — si kidogo, hatua nzima! Niliona wazi, nilikuwa mstari mmoja na beki wa mwisho. Nikanyoosha mkono juu.

Mkono wa kushoto. Mtupu. Kibendera kilikuwa mkono wa kulia, kinaning'inia kando ya paja.

Miaka kumi na mitatu nikiwa beki niliinua mkono ule kumlilia mshika kibendera. Leo mshika kibendera ni mimi, na nimejililia mwenyewe!

Nambari tisa akafunga. Mpira wavuni. Hayo yote yangeweza kurekebishwa. Kosa la mazoea, si dhambi. Murman hakupuliza mara moja. Aligeuka akanitazama. Ng'ambo ya nusu uwanja, katikati ya makelele yote, alisimama akanitazama mimi, ananiuliza. Sekunde tatu. Kibendera kilikuwa mkononi mwangu. Kukiinua tu.

Nilikimbia kuelekea katikati. Mshika kibendera akikimbia katikati maana yake ni moja: goli halali.

Murman akapuliza. Mbili moja. Wageni wakamzunguka kama nyuki, mmoja akamvuta kola. Alikuwa mtulivu. Aliwaonyesha mimi. "Msaidizi wangu ameona."

Kwa nini nilikimbia? Mbele ya watu nitasema nilichanganyikiwa. Hapa nitaandika ilivyokuwa. Alipogeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza maishani niliona Murman hajui la kufanya. Nikafurahi. Basi. Miguu ilikwenda yenyewe, lakini furaha ilikuwa yangu.

Jumatatu, 25 Septemba

Ndani ya ndege alilala kichwa begani kwangu. Saa nzima sikujisogeza.

Alhamisi, 28 Septemba

Picha imetoka gazetini! Mpiga picha wa wageni alikuwa nyuma ya goli. Nambari tisa anapiga, beki amechelewa, na kule pembeni mimi — mdogo lakini wazi — mkono juu mpaka mwisho. Kibendera hakionekani, kimejificha nyuma ya mguu. Maelezo yake: "Mshika kibendera Tsulaia anatoa ishara ya kuotea. Mwamuzi hana habari."

Mwamuzi hana habari!

Nimeisoma mara sita. Muuza magazeti amenipa mkono. "Wewe uliona, bwana. Huyo mwingine kazi yake kujipendezesha tu." Nilipaswa kumkatiza. Nikamwambia, "Mpira ndivyo ulivyo," nikanunua nakala mbili.

Mchana Ipolite kapiga simu. Sauti nyingine kabisa, laini kama siagi. Wageni wamelalamika Moscow. Kamati inakaa Jumatano. Kila mmoja wetu aandike maelezo. "Wewe huna la kuogopa, Bidzina. Picha inaongea. Andika tu ulitoa ishara na mwamuzi hakutazama." Kisha, kama mtu aliyesahau jambo: "Na beji, unajua, haiwezi kukaa bila mwenyewe."

Hakukohoa.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimeandika maelezo. Mistari minne. "Nilitoa ishara kwa wakati. Mwamuzi hakutazama upande wangu." Nikasaini, nikayapeleka posta mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nusu ya kwanza ni kweli. Usiku nimeota nimevaa beji na hakuna anayeiona.

Jumapili, 1 Oktoba

Murman kaja na kapu la zabibu za mwisho. Nilikuwa nimemwona dirishani, nikataka Lamara aseme sipo. Akamfungulia, akamwita "ndugu", akamkatia mkate wa jibini ukiwa bado wa moto. Alimkatia upande wenye jibini jingi. Niliona.

Tukabaki wawili. Alikula kidogo. Kisha akasema, bila ugomvi, "Nilikutazama, Bidzina. Ukakimbia katikati."

"Nilichanganyikiwa," nikasema. "Kelele zile."

"Najua. Na ule mkono!" Akacheka, alicheka kweli, mpaka akashika meza. "Mkono wa beki! Hata mimi wiki iliyopita nusura niupige mpira teke. Sisi hatuponi, kaka."

Nikamwuliza ameandika nini kwenye maelezo yake. Akafuta midomo.

"Nimeandika sikutazama."

"Lakini ulitazama!"

"Nikiandika nilitazama, wewe wanakufuta kabisa. Kibendera chini, halafu unakimbia katikati? Hutashika hata mechi ya shule. Mimi watanisimamisha msimu mmoja. Beji itakuja mwaka mwingine, au haitakuja. Ile wewe uliitaka zaidi, nilikuwa naona."

Alikuwa anaona! Muda wote huo, pale mezani kwake, nikimsifu na pembe mkononi, alikuwa anaona.

Sikumwambia kwamba maelezo yangu nimekwisha yatuma. Sikumwambia yanasema nini. Nilimsindikiza mpaka getini. Nimechukia namna alivyonikumbatia, nimechukia zabibu zake, tamu zile, nimezila zote.

Lamara kauliza mbona nalia. Nikasema kitunguu. Akasema leo hatukupika.

Jumatano, 4 Oktoba. Tbilisi

Naandika kwenye korido ya kamati, daftari gotini. Wametutoa nje dakika kumi, Ipolite anaongea na Moscow kwa simu. Mlango ni mwembamba, namsikia akisema "ndiyo, ndiyo, picha ipo".

Mambo yamekwenda hivi. Watu watano mezani, picha katikati. Maelezo yote mawili yamesomwa kwa sauti. Kwanza ya Murman: "Sikumtazama msaidizi wangu. Kosa ni langu peke yangu." Halafu yangu. Yalipatana kama tuliyaandika kwenye meza moja. Ipolite aliposoma "mwamuzi hakutazama upande wangu", Murman alinigeukia. Mara moja tu. Hakukasirika. Nilitaka akasirike! Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali mpira wa kurushwa ni wa wenzake.

Lakini mzee mmoja wa kamati, refa wa zamani, mkavu, hakuridhika. "Murman, nimekukagua mara kumi na moja. Hujawahi kukubali goli bila kutazama pembeni. Hata mara moja. Nakuuliza kwa heshima yako: ulimtazama au hukumtazama?"

Murman aliisogeza picha ikarudi katikati ya meza.

"Sikumtazama," akasema Murman. Hakumeza mate, hakupepesa jicho. Mtu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mkewe! Na kausema vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuusema wangu. Hata kwenye uongo amenizidi.

Mzee akageuka kwangu. "Na wewe, Bidzina? Alikutazama?" Ndipo simu ikalia.

Sasa Murman amekaa pembeni yangu kwenye benchi. Ameniazima kalamu, yangu imekauka. Hatazami ninachoandika, hawezi kutazama, si tabia yake.

Nikisema hakunitazama, beji ni yangu leo hii, nitaivaa mbele yake, na atakuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikisema alinitazama, nimekwisha. Beji yake, jina lake, kila kitu chake. Lakini hapo nitakuwa nimefanya kubwa kuliko lake. Siku moja tu katika maisha, kubwa kuliko lake! Na hilo ndilo linalonivuta — si haki, si urafiki, Mungu anisamehe — ni kutaka kumshinda.

Simu imewekwa. Ipolite anaita jina langu. Murman anasema, "Nenda kaka, usihangaike, sema kama tulivyoandika," na ananirekebishia tai. Nimeusukuma mkono wake. Nimemwambia tai yangu niachie mwenyewe, na hayo tuliyoandika sitayasema.