Kidole Ndani ya Metre

Musinzira, Gitega
Jumanne, 14 Mei 2024

Mpendwa kaka Sudi,

Sasa hivi mwanangu Nuru amechukua metre yangu ya kushonea, ameizungusha kiunoni mwa mwanasesere wake, kisha akapenyeza kidole ndani. Anaiga ninavyompima gauni. Namba hajui hata moja, ila kidole hakukisahau. Nitakuambia kwa nini naanza na hilo. Kwanza, assalaam aleikum. Kichwa kimeacha kukuuma? Na wifi Yasmina? Sisi wazima, kikohozi cha Nuru kimeisha.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana namtuma mume wangu Faridi na barua hii.

Shefu Gervasi, anayetulipa kupima nyoka, we huko Muyinga na mi huku, ameweka madaftari yetu pamoja. Urefu haukumsumbua. Nyoka ukimvuta anarefuka, akijikaza anafupika. Hata mi mmoja nilimpima mara tatu, nikapata 81, 83, tena 80. Lakini unene wa nyoka wako wote uko juu. Akacheka: "Amisa, nyoka wa Muyinga wanakula bugali?" Halafu hakucheka tena. Akasema ataitupa kazi yako ya mwaka mzima, na Alhamisi anakuja huko kwako kuchukua vifaa. Nyoka wenyewe ulishawaachia porini, hawapimiki tena.

Kaka, unakumbuka baba cherehanini: "Weka kidole, mteja apumue." Mi nyoka nampima kwa uzi. We ulienda na metre ya baba. Umewapimia kanzu!

Leo nimejaribu. Mpini wa mwiko una mzunguko wa sentimetri 6. Na kidole, 9. Mchi una 20. Na kidole, 22. Kwa hiyo nyoka mwembamba ndiye anayeonewa zaidi. Lakini kosa la namna hii linaweza kutolewa, kama ulilifanya kila mara. Je, kila mara? Na ni kidole gani? Usitunge jibu la kujikinga. Uongo hauna hesabu ya kuutoa.

Nisalimie Yasmina na mama mdogo Kadidja. Mungu akufungulie njia, kazi ibaki mkononi mwako.

Dada yako asiyechoka kukuombea,
Amisa

N.B. Nimemwomba shefu asiamue kwanza. Amekubali: Alhamisi utapima nyoka mbele ya macho yake. We fanya ulivyozoea, hata akikunja uso, kwa sababu ukijirekebisha siku hiyo tu hataamini. Faridi ananiita barabarani, dereva hasubiri. Kaka, pima vibaya vilevile, usi