Pai Iliyonunuliwa na Mwenyekiti

Alhamisi, 13 Oktoba 2022
Mvua, hatimaye. Texas nzima ilikuwa inaiombea. Nimeoka pai ya kokwa za pekani kwa mnada wa chama Jumamosi. Dwayne kamega ukingo, nikampiga kofi mkononi. Miaka yote ya ndoa, bado mwizi wa jikoni. Kura ya majaji ni mwezi ujao, na kila ninapopita wananiambia: Jaji, kiti ni chako. Nina raha tu.

Jumamosi, 15 Oktoba
Mnada ukumbi wa zimamoto. Kila mgombea analeta alichooka, wafuasi wanashindana bei — ndivyo tunavyopimana nguvu. Keki ya Curtis, mwendesha mashtaka wetu, ilinunuliwa na mama yake! Naye anagombea tena, maskini. Pai yangu kaichukua Hoyt, mwenyekiti wa chama, kwa bei ya ndama. Makofi. Nikavimba kichwa, nikamkumbatia, tukapigwa picha. Hapo ndipo aliponinong'oneza: "Nadine, Jumatatu Curtis anaiondoa kesi ya kijana wangu. Wewe weka sahihi tu." Na mimi bado naichekea kamera. Mjinga kweli.

Jumapili, 16 Oktoba
Kanisani pongezi tupu. Sahani ya mchana nimeirudisha jikoni ilivyo. Nimemweleza Dwayne yote. Akasema, "Ukigoma, si utarudi uwakili, kuwaandikia wazee wosia?" Nikamwambia wazee wana adabu. Akacheka mpaka akakohoa. Nampenda huyu mtu.

Jumatatu, 17 Oktoba, mchana
Niko ofisini, nyuma ya chumba cha mahakama. Asubuhi Curtis kasimama, macho kwenye viatu: anaomba kesi iondolewe, ushahidi hautoshi. Kijana wa Hoyt aliendesha amelewa, akaligonga gari la Bi. Ofelia, mpishi wa shule. Mguu wake una vyuma. Leo mahakamani alikaa kiti cha nyuma kabisa. Nikamuuliza kama ofisi ya Curtis ilimwarifu. "Hapana, Mheshimiwa. Nimesikia saluni."

Nikamgeukia Curtis: damu ilipimwa, video ipo, kipi kimepungua? Akaomba tuongee faragha. Nikasema hapa hapa, mbele ya watu, saa nane. Hoyt akatoka bila kuniangalia.

Dwayne kapiga simu sasa hivi. Vijana wa chama wanapita na pikapu, wanang'oa mabango yangu barabara nzima. "Nikayarudishe?" Nimemwambia aende nyumbani akale. Inauma. Kiti hiki nakipenda, sidanganyi. Lakini sandwichi nimeimaliza yote.

Bailifu, askari wa mahakama, kachungulia mlangoni. Bi. Ofelia anauliza kama anaruhusiwa kukaa mbele.