Kahawa Ina Pua

Jumatatu, 1 Julai
Itangazwe kwa wananchi wote wa Nshamba na vitongoji vyake: mtunza ghala Deo, miaka hamsini na mbili, kitambi kimoja, leo amekabidhiwa chaki mpya. Pakiti nzima. Bosi kapiga simu kutoka Bukoba: makuli wanatembea mno, panga ghala upya. Nimezunguka nikihesabu. Kutoka mlangoni hadi kwa dagaa, kule ukutani nyuma: hatua sitini na nne. Ujinga wa aliyenitangulia. Dagaa wanatoka kila siku, kahawa inakaa tu.

Jumatano, 3 Julai
Nimechora sakafuni. Vichochoro vitatu vilivyonyooka, badala ya kile kimoja kilichopinda kama utumbo. Dagaa mlangoni, kahawa ubavuni mwao. Hatua kumi na moja! Ma Adventina, mkuu wa makuli, kasimama na gunia kichwani, anatazama.
"Ta Deo, kahawa ina pua."
"Basi tuinunulie leso, Ma."
Makuli wakacheka. Nilijipenda sana.

Alhamisi, 11 Julai
Kazi sasa inaisha mapema, saa nane mchana. Bosi kanisifu. Ila shombo. Limeingia kwenye shati, kwenye masharubu, kwenye daftari hili. Mke wangu kaniwekea ndizi zangu barazani, nile huko huko. Hata chai ina dagaa.

Jumatatu, 15 Julai
Sampuli ya kahawa imerudi kutoka Bukoba. Muonjaji kaitema. Kwenye karatasi neno moja: samaki.
Nimechemsha kikombe mwenyewe. Kinyaa. Kama maji yaliyosuuziwa ndoo ya dagaa. Na ni marundo mawili mazima, jasho la wakulima wa Buganguzi.
Bosi akauliza nani alipanga vile. Nikasema makuli, chini ya Ma Adventina. Lilinitoka kirahisi, kama kikohozi.

Jumanne, 16 Julai
Ma Adventina kaambiwa asije tena. Miaka kumi na tisa ghalani. Kachukua kata yake ya kichwani, kaitia kwapani.
"Ubaki na leso yako, Ta Deo."
Basi. Nimeoga mara mbili. Bado nanuka. Najichukia.

Ijumaa, 19 Julai
Jana nilipanda basi la asubuhi hadi Bukoba. Nikamweleza bosi ana kwa ana.
Kilichotokea hasa ni hiki. Nilichora mimi, kwa chaki yangu. Ma Adventina alinionya mbele ya watu. Nilimsikia. Nusu nilimwelewa. Nikaona bora nichekeshe. Halafu nikamsingizia.
Bosi akanyoosha mkono. Nikampa funguo.
Leo anazo Ma Adventina. Hakusema kanisamehe. Kanionyesha gunia, nibebe.
Kahawa ile haiponi tena. Dagaa wanarudi ukutani nyuma. Zile hatua sitini na nne nilizihesabu mikono mitupu. Ukiwa na gunia kichwani ni themanini na tatu.