Benchi Chini ya Dirisha

Jumamosi, 4 Februari 2006
Saa kumi na moja jioni. Mikono inatetemeka, nusu ya chai iko sakafuni. Nyumba hii ya Tuwan ni kimya tangu mke wangu Nekesa abebe watoto akarudi kwao Bokoli. Miezi mitatu bila pombe, alisema, la sivyo nimsahau. Hapa Kitale wateja wote wa duka langu la misumari wananijua, kwa hiyo nimeenda mkutano wa wanaoacha pombe huko Bungoma. Chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, Kanduyi. Walevi tisa, viti vya plastiki, chai ya rangi. Bakari, fundi mwenyewe, ndiye mwenyekiti. Hajaonja miaka sita. Sikusema lolote. Nawachukia wote.

Jumamosi, 11 Februari
Wiki moja bila tone. Leo nimesema. Jina langu, kwamba ni mlevi, kwamba nilimvunja Nekesa mkono kwa mguu wa stuli na watoto wakiona. Nikiwa katikati mlango ukafunguka. Mama mkwe wangu. Mama yake Nekesa, kiongozi wa akina mama kanisani kwao.

Wakampigia makofi. Ana miezi saba bila kunywa, wiki jana alikosa kwa sababu ya matanga. Akaniona. Akajifunika uso kwa leso, akatoka kinyumenyume.

Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Miaka kumi na moja sijawahi kumtazama usoni vizuri. Yeye leo ameyajua yangu yote.

Jumapili, 12 Februari
Kumbe alikuwa anakunywa kwa siri. Nekesa hana habari. Mama naye amekimbilia Kanduyi ili asionekane, mjinga kama mimi. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikatamani pombe mpaka meno yakauma. Sikunywa.

Jumamosi, 18 Februari
Nilimweleza Bakari. Hakuelewa. "Hapa hakuna mkwe, bana. Hapa ni walevi tu. Si aingie akae?" Akatoka kumuuliza, akarudi ameduwaa. Mama amesema mimi nibaki ndani, yeye atakaa nje. Kuna benchi chini ya dirisha.

Ningeweza kusema nitakaa mimi. Yeye ndiye aliyetangulia hapa, tena ni mzee. Lakini nilikuwa nimeshaketi. 

Jumamosi, 11 Machi
Nimegundua jambo. Leso yake inaonekana dirishani, na anasikia kila neno. Analosikia linaweza kufika Bokoli. Kwa hiyo naongea vizuri. Nasimama karibu na dirisha, natoa sauti. Siku thelathini na tano. Nimemwomba Nekesa msamaha mbele ya watu, nikatua kidogo ili maneno yatoke nje yakiwa kamili. Sauti ilikatika pale nilipotaka ikatike. Aibu tupu. Wiki ijayo nitafanya tena.

Jumamosi, 8 Aprili
Mvua kubwa. Bakari alimpelekea mwavuli. Zamu yake ya kusema imerukwa tena, maana hawezi kutaja pombe mkwe akisikia. Hii ni wiki ya nane hajafungua mdomo.

Bakari alinivuta kando. "Ndugu yangu, yule mama anahitaji kuongea. Toka nusu saa tu, zunguka sokoni." Nilimjibu kwamba mimi natoka Kitale, mbali kuliko yeye, na sikuja kuzunguka sokoni. Nusu saa. Hata hiyo nilimnyima.

Jumapili, 7 Mei
Nekesa amerudi! Watoto, mabegi, kuku wawili. Mkono wake bado hauinuki sawasawa. Anasema mama ndiye aliyemsukuma. "Ati rudi kwako, huyo mtu ameacha. Nikamuuliza, mama, umejuaje? Akasema anajua tu."

Akaniangalia, anangoja. Ya chumba kile hayatoki nje, ndiyo sheria yetu. Leo niliishika kama mtakatifu. Nina furaha. Nina furaha mbaya.

Jumamosi, 13 Mei
Benchi tupu. Nilitangaza siku zangu, tisini na nane. Makofi machache. Bakari hakupiga.

Jumanne, 16 Mei
Shemeji yangu amepiga simu kutoka Bokoli. Mama ameokotwa kando ya mto, amelewa chakari, kichwa wazi, watoto wa shule wamemzunguka wakimcheka. Kanisani wameshamvua uongozi. Nekesa amelia tangu mchana.

"Mama yangu hajawahi kunywa, Wafula. Hajawahi! Ni nani amemfundisha pombe uzeeni?"

Nilimkanda mgongo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameacha, na mimi nilimkalia kiti chake miezi mitatu.  Mimi ni mtu mbaya, hata bila pombe.

Jumamosi, 20 Mei
Nilifika kabla ya wote. Nilimwambia Bakari kwamba kuanzia leo mimi ni wa nje, mama aachiwe kiti.  Alikichukua kiti, akakiweka karibu na mlango.

Nikaketi kwenye benchi, mgongo ukutani. Ubao bado una maji ya mvua ya jana, suruali imelowa. Mambo ya ndani yanasikika yote, hata kikohozi. Walianza kuita majina. Wakaita la mama. Wakangoja kidogo. Kisha wakaita linalofuata.