Kifuniko cha Pichi za Lavonne

Marlys, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Niko kwenye gari nje ya maonyesho ya kaunti, nalia kama mtoto.

Si unajua leo nilikuwa jaji wa matunda ya kuhifadhi kwenye chupa? Siku hizi kila mtu ananunua ya kopo, kwa hiyo mezani zilikuwa chupa tatu tu, hazina majina.

Ya mwisho ilikuwa ya pichi. Nikaifungua, nikaonja, nikatangaza, "Huyu kabania sukari. Hazina ladha kabisa!"

Mbele ya watu wote, Marlys. Mbele ya watu wote!

Mzee Delbert akasimama kule nyuma. "Daktari alimkataza sukari," akasema. Halafu akaiona chupa. "Umeifungua?"

"Mzee wangu, lazima tufungue ndipo tuonje."

"Mimi nilidhani mnaangalia tu. Hiyo ni ya Lavonne. Ndiyo pekee iliyobaki."

Lavonne, mkewe! Tuliyemzika Machi, mimi na wewe tukiwa tumekaa benchi moja!

Nikampa utepe wa mshindi wa kwanza, hakuutazama hata kidogo. Akachukua kifuniko, akakirudisha juu ya chupa, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikainuka; kikishafunguliwa hakishiki tena, hewa imeshaingia. Akakibonyeza tena. Kikainuka tena.

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Sasa zitakaa siku ngapi?"

Nikamwambia wiki moja, Marlys. Wiki moja, tena kwenye friji.