Platine Yenye Nilingarisha

Posho, siku ya sita ya juma, 1 juin 1974

Salongo, kazi ya lazima ya bantu yote, mu kiwanda ya acide! Mukubwa wa parti, wa chama, anakuya siku ya kwanza, kila kintu ingae. Balinipatia balai ya kufagia. Balai — minye Philippe! Minye nilitumika kazi ya jikoni Kitwe, nilitumika Ndola, sufuria za Wangereza kule ulikuwa unajionamo sura. Augustin wa labo, chumba ya kupimia acide, aliniachia funguo, bibi yake Henriette alikuwa anazaa. Aliniambia: yaya, mukubwa wangu, fagia tu, usiguse kintu. Nikafagia. Halafu naona unga ya platine, ile yenye inageuzaka gaz kuwa acide. Bei yake inapita zahabu, na iko nyeusi sawa masizi! Haya gani hii! Nikaitia mu four, tanuru ya labo, moto mpaka mwisho, saa tatu nzima. Ikatoka nyeupe, inangaa sawa meno ya bwana arusi. Mu Likasi yote nani anaweza vile? Hakuna.

Siku ya kwanza, 3 juin

Balitia ile platine mu mashini, mukubwa anaangalia. Gaz inaingia gaz, inatoka gaz. Acide — hakuna! Mukubwa anakohoa mbele ya bantu yote, machozi na makamasi. Nilicheka. Sasa sicheki.

Siku ya tatu, 5 juin

Ingénieur alitueleza. Platine haikuibiwa, poids, uzito yake, iko ile ile. Lakini inatumika kazi wakati chembe ziko ndogo-ndogo, jicho haizioni, zenye pembe na kingo mingi: pale njo gaz inashika, inageuka. Moto mukali ikazishikamanisha, zikakuwa mafundo makubwa, laini, bila pembe. Nilielewa mbio (quatrième primaire, darasa ya ine tu, lakini kichwa iko!). Ni sawa soko: meza mia ndogo, ku kila pembe mama anauzisha. Weye unaunganisha yote meza moja kubwa — bamama banasimama wapi?

Nilingarisha, kumbe niliua.

Ba sécurité, polisi ya siri, bamekamata Augustin. Funguo iko kwake, basi ni sabotage, aliharibu makusudi. Kesho banamupeleka ku gereza ya Buluo. Balimuuliza nani mwingine aliingia. Hakutaja muntu. Alinificha minye! Na mutoto wake iko na siku ine.

Philomène, bibi yangu, hakupandisha hata sauti: weye unachekeshaka bantu kila siku, kesho hiyo kinywa utaitumia namna gani?

Siku ya ine, 6 juin, asubui

Nilienda ku kiwanda, pale balimufunga Augustin, nikasema. Ni minye. Chef wa kiwanda akapiga mikono ku meza, anacheka. Philippe na bichekesho yake! Ata hapa! Bale ba sécurité nabo banacheka. Miaka kumi nasemaka bongo, uongo mutupu, leo ukweli inakosa mwenye kuiamini. Augustin peke yake hakucheka. Yaya, rudi ku nyumba, anasema, uko na batoto sita.

Njo nikasema: munipatie kijiko moja ya unga nyeusi, na ile four. Nitafanya tena, mbele yenu.

Ingénieur alikubali. Tuko yote mu labo. Jeep ya Buluo inanguruma inje, chauffeur hakuzima. Naandika ku magoti. Kama unga inabakia nyeusi, Augustin anapanda. Kama inangaa, ni minye napanda.

Saa ya kwanza — nyeusi. Chef anapiga miayo.

Saa ya pili — ingénieur anainama ku kadirisha ka four. Anavua lunettes ya macho, anapangusa, anaangalia tena. Ananiita: citoyen, kuya uone.

Naona toka hapa. Inangaa, Mungu wangu. Vizuri kabisa.