Kilo Tisa za Dada

Mshauri, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana nimechoka na sina wa kumweleza bila habari kumfikia dada.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, kushona nimejifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa, hakuna aliyenilipia darasa, na baada ya kuomba mara tatu nimepata nafasi ya kusomea ukataji wa nguo ng'ambo kwa miaka miwili, zimebaki siku kumi na moja niondoke. Ndege inaniruhusu sanduku moja la kilo ishirini na tatu na mkoba wa kilo saba, na barua ya chuo inasema kila mwanafunzi aje na vifaa vyake vya mkono, sasa mimi ni mashoto, mkasi wangu ni wa mkono wa kushoto, niliutafuta miaka minne, na kwenye mkoba wa ndani ya ndege hauruhusiwi, lazima uingie sandukuni.

Tatizo ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, naishi naye, na mwanawe wa pekee anasoma huko huko ninakokwenda, mwaka wa tatu huu. Siku niliyopata viza alileta kifurushi cha kumpelekea, kilo nne, nikasema haya, damu nzito kuliko maji, kesho yake nikakuta kimekuwa kilo sita, na kila nikirudi kutoka kazini nakuta sanduku limefunguliwa na kufungwa tena, sasa kimefika tisa, amekizungushia shuka na kukishona kwa mkono pande zote, mishono ya kukaza, akaniambia nisikifumue. Nikampigia kijana mwenyewe, akacheka, "Mama mdogo, mimi sina shida ya kitu, mwambie mama asijisumbue." Nikamfikishia dada. Akajibu bila kuinua macho, "Huyo anaona aibu. Nimemzaa mimi, hukumzaa wewe." Nikasema basi tupunguze hata nusu. "Mimi nilikupunguzia nini ulipokuja kwangu?" Mshauri, hapo mtu anajibu nini.

Basi nimepunguza vyangu. Nimetoa koti zito, viatu vya kufunika, madaftari yangu ya vipimo ya miaka kumi na miwili ambayo ni kilo mbili, na juzi mke wa mwenye nyumba akaleta viatu nimpelekee mtu nisiyemjua, kilo moja, nikashindwa kukataa kwa kuwa alishaviweka. Jana nikatoa mkasi na rula zangu, kilo moja nyingine, nikaazima mizani ya jirani, nikapanda nimebeba sanduku, ikasoma tisini na moja, nikatoa uzito wangu wa sitini na nane ulioandikwa kwenye cheti cha daktari miezi miwili iliyopita, ikabaki ishirini na tatu kamili, nikakaa sakafuni nikalia. Usingizi sipati, chakula hakipiti, sketi zangu nimezibana kiuno mara mbili mwezi huu, inchi mbili nzima. Niache mkasi nikaazime wa watu wa mkono wa kulia, au nimkatalie aliyenilea?

Fundi Mashoto

*

Marahaba, Fundi. Nimekusoma hadi mwisho, na mwisho ndio ulionishtua.

Hesabu yako ina kasoro. Wewe unayepima viuno vya watu kutwa umebana sketi zako inchi mbili, kisha umepanda mizani na uzito wa miezi miwili iliyopita. Aliyeandikwa kwenye cheti kile siye aliyebeba sanduku jana. Kwa barua siwezi kujua umekonda kiasi gani. Tuseme kilo nne. Basi wewe ni sitini na nne, na sanduku lako ni ishirini na saba. Umeacha koti, madaftari na mkasi, na bado umezidisha. Ungeyajua hayo uwanja wa ndege, umepiga magoti sakafuni, foleni nyuma yako inaguna, na najua ambacho ungetoa: chako.

Sasa tufanye hesabu upya. Viatu vya mke wa mwenye nyumba virudi kwake leo, kabla hujavua vyako. Kama aliweza kuviweka bila kukuuliza, ataweza kuvichukua bila kuuliza. Kifurushi kitoke. Tumebaki na kumi na saba. Mkasi na rula virudi, kumi na nane. Madaftari yarudi, ishirini. Koti livae, viatu vya kufunika vivae. Kilicho mwilini hakipimwi, na utatoka jasho kidogo, hutakufa. Vyeti, barua ya chuo, dawa na nguo za kubadilisha viende mkobani, maana sanduku likipotea wewe usipotee nalo. Kilo moja iache, mizani za majirani zina tabia zake. Zinabaki mbili. Hizo ni za dada yako.

Mbili, si tisa, na zisishonwe. Utaulizwa kama mzigo umefunga mwenyewe na unajua kilichomo. Jibu la "dada yangu kanikataza kufumua" halijawahi kumsaidia mtu mbele ya meza ile.

Kuhusu huyo dada, usimwone adui. Mwanawe aliondoka, sasa unaondoka wewe, na sanduku likishafungwa atabaki na vyumba. Ndiyo maana kila siku anaongeza kitu. Namhurumia. Lakini huruma haikati kitambaa, na hakukulea ili ukae darasani na mkasi wa kuazima unaokuumiza kidole gumba. Nawe una lako: umezoea kulipa malezi kwa kunyamaza, halafu unashangaa chakula hakipiti.

Fanya hivi. Usirudishe mizani ya jirani bado. Leo jioni mwite dada chumbani, mwambie macho yako yamechoka, akusomee namba. Panda peke yako, bila sanduku, mikono mitupu. Asome yeye, kwa sauti. Kisha mpe cheti cha daktari aone sitini na nane. Usiongeze neno. Huyo ndiye aliyekulisha tangu una miaka tisa. Uzito wako anaujua kuliko daktari.

Weka kifurushi karibu yake, na wembe wa kufumulia juu yake. Ataanza kufumua mwenyewe.